Msimamizi Wangu Yuko Rombo

Jumapili ile tulipokutana kwa Njeri mliniuliza wote kwa pamoja safari ilikuwaje, nami nikawajibu, "Nimerudi salama," nikaendelea kula. Mkanuna. Mlikuwa na haki. Lakini kuna mambo hayasimuliki mtu akiwa na tonge mkononi, na hili ni mojawapo. Basi nimekaa nimeyaandika, tangu nilipotoka hapa mpaka niliporudi. Habari za tiketi na viza nimeziruka; hizo mnazijua, na zinachosha.

Kwa wale waliojiunga na kikundi chetu karibuni: mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Majengo, Moshi. Kabla sijamfuata mume wangu Salim huku ughaibuni, nilikuwa mwanasaikolojia katika hospitali moja kule nyumbani. Nilikaa na watu waliofiwa na watoto, waliopigwa na waume zao, waliokuwa wamekwisha kununua kamba ya kujinyongea. Nilipofika huku nikaambiwa elimu yangu lazima itambuliwe kwanza. Sawa. Wakati nangoja, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee. Si kazi ya aibu, na wengi wenu mnaifanya. Ila sikuisomea.

Jopo linalotambua elimu za wageni likanichunguza weee, mwishowe likasema limebaki jambo moja tu: wanataka kuzungumza kwa video na mtu aliyenisimamia nilipokuwa najifunza kutibu. Huyo ni Dkt. Shirima, mama wa Kirombo aliyenilea katika kazi hii. Alikuwa amestaafu na simu yake haipatikani. Nikawaeleza. Wakajibu kwamba asipopatikana kabla ya mwezi kwisha, faili langu litafungwa. Bwana aliyenipigia akaongeza kwa upole kabisa, "Tunaelewa kwamba katika baadhi ya nchi usimamizi wa namna hiyo huenda haukuwepo."

Angenitukana, ningebaki nikalala. Ule upole ndio ulioninyanyua. Meneja wangu akasema nikiondoka wiki hiyo nisitegemee kuikuta nafasi yangu. Nikaivua aproni mbele yake, nikaikunja vizuri, nikamkabidhi.

Angani

Ndege ya kwanza ilichelewa, kwa hiyo ya pili ikatuacha, tukashinda kwenye uwanja wa watu tukila mikate mikavu ya bure. Tulipopata ndege ya kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, nikakaa karibu na bwana mmoja mwenye viatu vya kupandia mlima. Alivivaa ndani ya ndege, buti nzito kama za zimamoto, kwa sababu aliogopa mizigo ingepotea. Akaniambia mengi kuhusu Kilimanjaro: njia zake, baridi yake, jinsi hewa inavyopungua. Nikamsikiliza. Mlima huo nimeuona kila asubuhi tangu nikiwa na meno ya maziwa.

"Na wewe unapanda?" akaniuliza.

"Napanda, lakini mimi naishia kwenye migomba."

Hakuelewa, akacheka tu. Akauliza kazi yangu. Nikasema mimi ni mwanasaikolojia. Akafurahi kweli, akauliza nilisomea wapi.

"Moshi. Chini ya huo mlima wako."

"Hapana, nina maana chuo. Shahada."

"Ndiyo. Chuo. Shahada. Chini ya huo mlima."

Akaanza kufunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Tuliposhuka alinibebea begi mpaka nje. Lakini nilijua kwamba hata kwenye lile jopo watu watakuwa kama yeye, wema, wakarimu, na wenye hakika kabisa kwamba nimekosea kuwaelewa.

Majengo

Kaka yangu Hemedi alinipokea kwa gari lake, Corolla kuukuu ambayo yeye mwenyewe, kwa kuwa ni fundi magari, huiponya kila wiki. Nyumbani mama alikuwa amepika wali wa nazi na maharage, akanikalisha mkekani kama mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Sasa nieleze, maana huyu kaka yako ananiambia nusunusu. Umetoka huko kote kumtafuta mwalimu wako aje aseme kwamba wewe ni nani?"

"Si nani, mama. Aseme kwamba alinisimamia."

"Na wewe ukisema, hawaamini?"

"Hawaamini."

Mama akaniongezea wali. Baba yake alikuja Moshi kutoka Tanga kufanya kazi ya reli, akakuta watu wanamwita mgeni mpaka anazikwa. Mama anajua mambo ya kuulizwa umetoka wapi. Akasema, "Basi rudi kazini kwako hapa hapa. Huko hospitali hawakukuuliza. Watu walikuwa wanakufuata mpaka hapa mlangoni."

Niliwaza hilo usingizini na nilipoamka. Ningeweza kubaki. Salim angenielewa, pengine angenifuata. Lakini kubaki kwa sababu nimependa ni jambo moja, na kubaki kwa sababu nimefukuzwa mlangoni ni jingine. Nikamwambia mama, "Kwanza watambue. Kurudi nitarudi nikitaka mwenyewe."

"Nenda," akasema. "Kama ni hivyo, nenda, na usiwabembeleze."

Old Moshi

Pale hospitali walichojua ni kwamba Dkt. Shirima, baada ya kustaafu, alikwenda kuishi kwa mdogo wake Old Moshi. Mimi na Hemedi tukapanda asubuhi. Ilikuwa masika, migomba inang'aa, mifongo, ile mifereji ya Wachagga, imejaa maji, na barabara laini kama uji. Tulipofika tukakuta nyumba imefungwa. Mzee mmoja alikuwa anakatia ng'ombe majani kwenye kihamba cha jirani, shamba la migomba. Tukamwamkia, nikamuulizia Dkt. Shirima.

Mzee akavua kofia yake ya sufu. Akasema taratibu, "Huyo mama, ametutoka."

Nikakaa kwenye ukingo wa mfongo, maji yakilowesha sketi, nikalia kwa sauti. Nililia kwa ajili yake, halafu, Mungu anisamehe, nikalia kwa ajili ya faili langu, halafu tena kwa ajili yake. Hemedi akasema "Innalillahi," akanishika bega. Mzee akatutazama mmoja mmoja, amechanganyikiwa.

"Sasa huyu analilia nini?"

"Amefiwa, mzee. Huyo alikuwa kama mama yake."

"Amefiwa na nani?"

"Si umesema Daktari ametutoka?"

"Ametutoka, ndiyo! Alikuwa anakaa hapa na sisi, ametutoka, amekwenda Kirua kwa Mama Ndesario kukandwa. Alipata kiharusi." Akairudisha kofia kichwani kwa hasira kidogo. "Kuvua kofia ni jua limetoka. Nyie watu wa mjini, mtu akiondoka mnamzika?"

Hemedi akaanza kucheka, akajizuia, ikashindikana. Mimi pia nikacheka, machozi na kamasi vikiwa bado usoni, mpaka yule mzee naye akacheka. Akatupatia mkungu wa ndizi wa kupoza msiba ambao haukuwepo. Lakini tulipokuwa tunashuka, kicheko kilipoisha, neno moja ndilo lililobaki ndani ya gari. Kiharusi.

Kirua Vunjo

Tukarudi mpaka barabara kuu, tukapanda tena upande wa Kirua. Huko Corolla ilizama kwenye tope mpaka milangoni. Kina mama waliokuwa wanatoka kanisani wakavua viatu vyao vizuri, wakatusukuma wakiimba, na tulipotoka wakakataa hata asante. Walitaka tu kujua tunakwenda kwa nani. Tuliposema kwa Mama Ndesario mkandaji, mmoja akaniambia, "Pole, mgongo?" Nikakubali kuwa ni mgongo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Mama Ndesario alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na maneno mengi. Kabla hatujasema shida yetu, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikawa imeshatufikia mikononi. Nikamshukuru, nikairudisha. Uso wake ukabadilika.

"Pombe ya hapa hamuitaki kwa sababu mmetoka mjini?"

"Hapana, mama. Sisi ni Waislamu."

Akautazama mtandio wangu kana kwamba ndiyo kwanza unaingia mlangoni. "Yesu! Na mimi nilidhani ni baridi!" Akakimbia jikoni, akarudi na kiburu cha ndizi na maharage, bado cha moto, akasimama juu yetu mpaka tukamaliza. Hapo ndipo akatuambia kwamba Daktari hayupo. Binti wa Daktari, Anjela, alikuja kumchukua, yuko nyumbani kwao Rombo, juu ya Mkuu.

"Anatembea?"

"Anatembea na fimbo. Mkono wa kulia bado mzito."

"Na kusema?"

Mama Ndesario akafuta mikono kwenye kanga. "Kusema kumerudi kwa mafungu. Kwanza kilirudi Kichagga. Halafu Kiswahili, kidogokidogo. Kizungu hakijarudi. Kuna wazungu wa parokia walikuja kumwona, akawa anawasikia, lakini akifungua mdomo hakitoki. Alilia siku hiyo."

Nimesomea mambo haya. Najua kwamba ubongo ukiumia, lugha za mtu zinaweza kurudi moja moja, na kwamba mtu anaweza kuelewa lugha asiyoweza tena kuitamka. Lakini kujua hakukunisaidia. Lile jopo lilikwisha kuniambia mazungumzo yatakuwa kwa Kiingereza. Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba la kahawa la Mama Ndesario, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba pengine wameshinda.

Hemedi akanifuata. "Tunarudi mjini?"

"Twende Mkuu," nikasema. "Hata kama si kwa ajili yao. Siwezi kujua yu mgonjwa hapa jirani nikageuza gari."

Mkuu

Kupitia Himo, Marangu na Mwika, tulifika Mkuu sokoni jioni, wachuuzi wanafunga mizigo yao. Nyumba ilikuwa juu zaidi, katikati ya kahawa. Anjela alitufungulia. Ni mwalimu, mwanamke wa umri wangu, na nilipomweleza shida yangu mlangoni alinikatisha hata sijamaliza.

"Mama yangu hatakwenda kuaibishwa mbele ya wageni kwenye kompyuta. Aliwahi kuhutubia kwenye ukumbi mzima kwa Kiingereza. Leo akitafuta neno 'kijiko' anapiga meza. Unataka wamwone hivyo?"

"Sitaki."

"Basi umekuja kumsalimia. Msalimie. Ule, ulale, uende."

Dkt. Shirima alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa sweta, nywele nyeupe zimesukwa. "Shikamoo, Daktari," nikasema.

"Marahaba," akajibu, safi kabisa, kwa sauti ileile iliyokuwa ikitutoa jasho darasani. "Hujambo? Habari za safari?"

Nikadhani Mama Ndesario ametia chumvi. Nikaanza kueleza, haraka haraka, habari za jopo na video. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua mdomo kunijibu, na neno halikuja. Nikaona mkono wa kushoto unakunja pindo la sweta. Hapo nikakumbuka kile alichotufundisha yeye mwenyewe: salamu hubaki. Mtu anaweza kupoteza kila neno akabaki na salamu, kwa sababu salamu hatuitafuti, inatoka yenyewe. Nilikuwa nimedanganywa na "marahaba."

Nilikaa kimya nikangoja. Ilichukua muda mrefu. Anjela akataka kumsaidia, mama yake akainua kidole kumzuia.

"Wao," akasema. Kisha tena kimya. "Wanasema… hukusimamiwa?"

"Wanasema huenda."

Akaupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. "Nitasema."

"Mama," Anjela akaanza.

"Mimi. Nitasema." Akamgeukia binti yake, akaongea naye Kichagga, kirefu kuliko Kiswahili chake, na sikuelewa hata neno. Anjela alijibu mara mbili, kisha akainuka. Akatoka kwenda uani, akarudi ameshika jogoo kwa miguu, akampa Hemedi kisu. "Chinja mwenyewe, kaka, ili mle kwa amani." Nikajua amekubali, ingawa hajafurahi.

Mvua juu ya bati

Nyumbani kwao mtandao ulikuwa wa kuokotea kwenye kona moja ya shamba, kwa hiyo tukamshusha Daktari mpaka steshenari moja pale Mkuu ambayo mwenyewe ni rafiki wa Anjela. Alitufungulia chumba cha nyuma chenye mashine ya kudurufu. Daktari alivaa gauni la kitenge alilokuwa akivaa siku za mahafali, na Anjela alimpaka mafuta mikononi, bila kunisemesha.

Wale wa jopo walikuwa wawili: yule bwana mpole, aliyekuwa mwenyekiti, na mama mmoja mwenye miwani ambaye hakusema mengi. Mwenyekiti akasalimu kwa Kiingereza, akauliza kama Dkt. Shirima anamsikia. Mvua ikachagua wakati huo. Mnajua mvua ya Rombo ikipiga bati. Hatukusikia kitu, nao wakatuona tu midomo inacheza. Tulibaki tukitazamana, kila upande ukipunga mkono, mpaka ilipopungua.

Mwenyekiti akarudia swali. Daktari akajibu kwa Kiswahili, akitenganisha kila neno kama anapanga mawe. "Ninasikia. Kiingereza… kimetoka. Kiswahili kipo."

Nikawatafsiria. Mwenyekiti akasema ni kinyume cha utaratibu wao mwombaji kumtafsiria shahidi wake. Kweli. Akasema pia kwamba anasikitika sana kumwona Daktari katika hali hiyo, kwamba mahojiano yao hufanyika kwa Kiingereza, na kwamba, kwa kuwa muda unakwisha, pengine ingekuwa ubinadamu kutomsumbua zaidi. Daktari alielewa kila neno. Nilimwona anavyoelewa. Alikuwa anazungumziwa mbele yake kama samani.

Hapo nikasahau kubembeleza, hata kama ningetaka. Nikasema kwa Kiingereza changu chote, na hapa nawawekea kwa lugha yetu: "Mliniuliza kama nilisimamiwa. Nilisimamiwa, kwa Kiswahili. Wagonjwa wangu walilia kwa Kiswahili, wengine kwa Kichagga, na nilipokwama huyu mama ndiye aliyenikwamua kwa lugha hiyohiyo. Mkitaka kuijua kazi yangu, iko ndani ya lugha hiyo. Mkalimani mnaweza kumpata hata leo. Msimamizi mwingine mimi siwezi kumtengeneza. Na msiseme mnamhurumia. Amevaa, ameshuka mlima, amekaa hapa. Mwulizeni."

Mwenyekiti akasema watatujulisha. Picha ikazimika.

Anjela alimfunika mama yake mtandio bila kunitazama. "Umefurahi?" akaniuliza. Nikainama nikamwokotea Daktari fimbo yake.

Kungoja

Tuliendelea kukaa kwao. Hemedi, asiyejua kukaa bure, akatengeneza mashine ya kumenya kahawa ya jirani, halafu pikipiki ya katekista, halafu akawa hapatikani. Mimi nilikaa na Daktari. Hatukufanya mazoezi ya majibu, aliyakataa. Tulimenya ndizi za machalari, ule mchemsho wa Kichagga, yeye akishika kwa mkono mzito na mimi nikikata, na kila kitu alichokitaja kwa jina sawasawa tulikitumbukiza sufuriani. Kitunguu kilimsumbua, tukala bila kitunguu. Anjela alipoonja akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Akaniambia mama yake hajakaa jikoni tangu augue. Wao walimwogopea moto na visu.

Kwenye ile kona ya shamba ndipo simu ilipoita. Alikuwa yule mama wa miwani, peke yake. Akasema wamempata mkalimani. Akasema pia, haraka kidogo, "Ulikuwa sahihi kuhusu kumwuliza yeye." Nilimshukuru.

Safari hii, palepale steshenari, jua liliwaka. Mkalimani alikuwa kijana wa kike, Kiswahili chake kizuri, lakini mimi nilikatazwa kusema lolote. Mniwazie mimi, nyie mnaonijua, nimekatazwa kusema.

Mama wa miwani akauliza: Dkt. Shirima alimsimamiaje mwombaji?

"Nilikaa naye," Daktari akajibu. "Kila wiki. Nilikaa naye."

Mkalimani akatafsiri kwamba aliishi nami. Nikamwona mwenyekiti anainua macho. Je, mwombaji na msimamizi walikuwa wakiishi nyumba moja? Kama ni ndugu, au mpangaji wake, ushahidi hauna uzito. Nikaziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Mkalimani hakukosea, neno ndilo lenye milango miwili. Lakini Daktari, ambaye Kiingereza kimemtoka mdomoni tu, si masikioni, alikuwa ameshasikia. Akaangua kicheko.

"Hapana! Kiti!" Akakipiga kiti. "Kiti. Yeye kiti, mimi kiti. Mgonjwa kiti. Nyumbani… kwao Majengo!"

Hata mwenyekiti alicheka. Akauliza, sasa kwa sauti ya mtu na mtu, kama Daktari anakumbuka udhaifu wa mwombaji. Daktari akanitazama kwanza, kama anayeomba radhi bila nia ya kuacha.

"Alikuwa anasema sana."

Mkalimani akatafsiri. Mama wa miwani akaandika kitu.

"Mtu analia, yeye… anasema. Anafariji. Haraka. Mimi nikamwambia, ngoja. Mwache… amalize." Akatafuta neno, tukangoja wote, pande zote mbili za dunia. "Mama mmoja alikuja, hasemi. Mtoto alikufa. Huyu akangoja. Wiki, wiki, wiki. Akangoja. Yule mama… akasema." Akafuta jasho la juu ya mdomo. "Hapo nikaacha kuingia. Nikamwachia chumba."

Hawakuuliza kingine kuhusu mimi. Mwenyekiti akamwuliza tu kama kuna jambo angependa kuongeza. Nilidhani amechoka. Akakaa wima.

"Huko kwenu… watu wanafiwa?"

"Ndiyo," mwenyekiti akajibu.

"Basi. Mpeni kazi."

Kurudi

Nilipomuaga Daktari, Anjela alitujazia Corolla ndizi mpaka Hemedi akalalamika kuhusu springi. Alinikumbatia. Akasema amezungumza na hospitali ya wilaya, kuna mtaalamu wa mazoezi ya kuongea anayefika mara kwa mara, na mama yake amekubali kumwona. "Kabla ya hapo alikuwa amekataa," akaniambia. "Sasa anasema huenda akaitwa tena kutoa ushahidi." Mama, kule Majengo, alisikiliza habari yote mara mbili, na mara ya pili akawaita majirani.

Jibu lilinikuta huku, nikiwa nimerudi bila kazi, kwa maana meneja alitimiza neno lake. Nimetambuliwa. Walitaka kuweka sharti kwamba niwahudumie tu watu wanaozungumza Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichojifunzia. Nikawapigia. Nikawauliza kama wanasaikolojia wao waliokuja kufanya kazi kwetu kwa Kiingereza waliwahi kuwekewa sharti la kutowagusa Waswahili. Wakasema watalitazama tena. Wakalitazama, wakaliondoa.

Nilimpigia Anjela, akakimbia na simu mpaka kwenye ile kona ya shamba, na mama yake akimfuata na fimbo; nilisikia fimbo ikigonga mawe.

"Daktari, shikamoo. Wamekubali."

"Marahaba." Kimya kikafuata. Nilikiacha kiwe. "Wamekubali… nini?"

"Wamekubali kwamba mimi ni mwanasaikolojia."

Nikasikia anapumua. Halafu akasema, neno kwa neno, bila kukwama hata mahali pamoja:

"Mimi nilikubali zamani."

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Jumatatu naanza, kwenye kliniki ile karibu na bandari. Nimepita leo kuona chumba: viti ni vizuri, dirisha linafunguka, ila kwenye kibao cha mlangoni wameliandika jina langu vibaya. Yule wa mapokezi akaniambia si kitu, watu watazoea.

Nimemwambia nitasubiri hapo hapo, alete bisibisi.